Sahihi ya Mke wa Zagabe

Jumanne na Ijumaa Marcelline alivuka daraja la Ruzizi kwenda Cyangugu kuchukua barua. Posta ya Bukavu ilikuwa imelala tangu vita vya kwanza, na kila aliyetaka dunia imwandikie, awe padri, mfanyabiashara au chama kama kile alichofanyia kazi, alikuwa na sanduku lake ng'ambo ya mto, katika nchi ya watu wengine. Ufunguo wa sanduku aliuvaa shingoni pamoja na rozari. Alipita juu ya mbao za daraja katikati ya wanawake waliobeba unga na ndizi, akaonyesha karatasi yake ya mpaka upande huu, akaionyesha tena upande ule, na kabla ya adhuhuri alikuwa amerudi na mfuko wa nailoni uliojaa hasira za watu asiowajua.

Hasira zenyewe ziliandikwa kwa adabu. "Bwana Mkuu wa Usalama," zilianza, "nina heshima ya kukuandikia kuhusu Mwalimu Benoît Zagabe." Zilitoka Ubelgiji, Uholanzi, Kanada, hata Japani. Fundi wa saa aliyestaafu. Watawa wa nyumba moja, wote kumi na wanane. Darasa la watoto walioandika majina yao kwa kalamu za rangi. Chama kikubwa huko Ulaya kilikuwa kimewagawia jina la mfungwa na anwani ya kuandikia, na kwa kuwa hapakuwa na posta ya kumfikia Mkuu wa Usalama wa Bukavu, anwani ikawa lile lile sanduku la Cyangugu. Kwa hiyo Marcelline ndiye aliyezivusha, na Marcelline ndiye aliyezipeleka kwa mkono hadi kwenye ofisi ya yule aliyeandikiwa, akiwa na daftari la kupokelea ili apigiwe muhuri. Utaratibu huo aliuweka Maître Évariste, mwanasheria aliyeongoza chama chao cha haki za binadamu. Barua isiyo na muhuri, alisema, kesho watasema hawakuiona.

Benoît Zagabe alikuwa mume wake.

Marcelline alizaliwa Kadutu, juu ya soko, katika nyumba ambayo mvua ikizidi mlango ulifunguliwa makusudi maji yapite katikati na kutokea nyuma, maana kuyazuia kulikuwa kubomoa ukuta. Masista walimfundisha taipu, na alipofikia miaka ishirini wanafunzi wa chuo kikuu walipanga mstari barazani kwao na kazi zao za mwisho mkononi. Benoît alikuwa mmoja wao. Alisoma kemia, na fomula zake zilikuwa na tarakimu ndogo za chini ambazo mashine haikuwa nazo. Marcelline aliziachia nafasi. Benoît alikuja kila alasiri kuzijaza kwa wino, akikaa kwenye kiti cha pembeni na kupuliza karatasi zikauke. Kurasa tisini zilichukua miezi minne. Dada zake Marcelline walisema kemia ya namna hiyo hawajawahi kuiona.

Wakaoana, wakapata Bintu, kisha Aimée. Vita vya kwanza vikapita juu yao, na vya pili vikaja kukaa. Katika miaka hiyo yote Marcelline aliketi nyuma ya mashine katika chumba kidogo cha Ibanda na kupiga taipu maneno ya watu waliokuja kusimulia: nani alichukuliwa, saa ngapi, na watu waliovaa nini. Hakulia. Aliuliza majina ya vijiji yanaandikwaje, akaweka mikato mahali pake. Wanawake wengine walimwona ana moyo mkavu. Mwenyewe aliona kwamba wakilia wote wawili hakuna atakayeandika.

Mwanzoni mwa mwaka 2000 mashirika ya mji yaliwaomba watu wabaki nyumbani wiki nzima, maduka yafungwe, shule zifungwe, waasi waliotwaa mji waone kwamba wametwaa mawe matupu. Benoît aliwaambia wanafunzi wa madarasa mawili, "Jumatatu musikuje." Ni hayo tu aliyosema. Wiki iliyofuata askari walimtoa darasani na chaki mkononi, na Marcelline akaandika kwa mashine yake mwenyewe ombi lililopelekwa Ulaya. Alitumia karatasi ile ile iliyotumika kwa kila mfungwa kabla yake, yenye madai matatu. Moja, aachiliwe au afikishwe mbele ya mahakama. Mbili, apate daktari. Tatu, familia yake ijulishwe aliko. Alibadilisha jina na tarehe, basi. Maître Évariste alisimama nyuma yake akimtazama anavyoandika jina hilo.

Ofisi ya usalama ilikuwa katika nyumba ya kitajiri kwenye moja ya zile ndimi za nchi zinazoingia ziwani, yenye maua kwenye ukuta na kontena la chuma nyuma ya jiko. Kwenye meza ya mbele alikaa Nathanaël, mtoto wa mji, aliyejifunza taipu kwa masista wale wale, meza ya jirani na ya Marcelline.

"Maman Bintu! Leo ni ngapi?"

"Trente et un."

"Thelathini na moja! Hao bazungu habana kazi? Banaamuka, banaandika."

"Piga muhuri, Nathanaël."

"Napiga. Wino iko karibu kuisha juu yako. Chef atasema miye nakunywa wino."

"Na bado unaandika na vidole mbili?"

"Tatu. Bananiongezea grade."

Ndivyo walivyozungumza. Baada ya muhuri Marcelline alimpa, kama kila siku, sahani ya Benoît iliyofunikwa kwa kitambaa: bugali na sambaza, samaki wadogo wa ziwani, za kukaanga. Kitambaa na sahani vilirudi kesho yake, na kwenye ukingo wa sahani palikuwa na kidonge cha bugali kilichoviringwa, kikubwa kama kifungo cha shati. Benoît hakuwahi kuambiwa afanye hivyo. Alianza mwenyewe siku ya pili, na Marcelline alielewa: bado yu hai. Kwa miezi mitano aliishi kwa kidonge hicho. Alijua kwamba Benoît yu hatua sitini kutoka pale anaposimama, kwamba barua anazozibeba zinataja jina lake kwa lugha nne, na kwamba yeye hawezi hata kukohoa kwa sauti asikie.

Siku moja ya Juni sahani ilirudi safi. Ilikuwa imeoshwa. Kesho yake tena safi. Jumanne, aliporudi kutoka Cyangugu na barua ishirini na mbili, Nathanaël hakuuliza ni ngapi.

"Ingia," alisema. "Chef anakuomba."

Mkuu wa Usalama alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya upole, mgeni wa mji, na mezani kwake barua zote zilikuwa zimepangwa kwa marundo, nyingi hazijafunguliwa.

"Keti, mama. Unaona hizi? Hata mama yangu muzazi hajaniandikia barua nyingi hivi. Fungua moja, yoyote. Nisomee bale batu banataka nini."

Akafungua ya juu. Akasoma kwa Kifaransa, na sauti yake ilikuwa ile ya kazini. Aliposoma dai la tatu Mkuu alinyanyua mkono.

"Hapo. Rudilia."

"Familia yake ijulishwe aliko."

"Ni nani aliandika hiyo phrase? Kila barua iko nayo, hata ya batoto."

Marcelline aliikunja barua, akairudisha kwenye bahasha.

"Mimi ni mutu wa kusikia," alisema yule mtu. "Nimesikia. Naanza na ya tatu, juu iko mwepesi. Bwana yako alikufa Jumamosi na malaria. Iko ku chumba cha maiti. Umejulishwa."

Nathanaël aliweka karatasi mbili mezani akitazama pembe ya meza. Ya kwanza ilikuwa cheti cha kifo. Ya pili ilikuwa tamko: mimi niliyesaini hapa chini, mke wa marehemu, nakiri kwamba mume wangu alifariki kwa malaria, kwamba alitibiwa na daktari, kwamba familia haina dai lolote, na kwamba jeneza lililopigiliwa misumari halitafunguliwa kwa ajili ya afya ya watu. Madai mawili kati ya matatu yalikuwa yamejibiwa, na la kwanza halikuwa na mtu tena wa kulidai.

"Ukisaini, unamubeba. Usiposaini mpaka Alhamisi midi, saa sita, batamuzika kwenye banazikaka bengine. Miye sitakuambia wapi, juu sitajua."

Marcelline alisimama. Nje jua liling'aa juu ya maji kama kila siku, mtumbwi ukipita, mtu akiimba ndani yake. Alifika ofisini Ibanda bila kujua alipita njia gani, na daftari la kupokelea likiwa bado mkononi, barua ishirini na mbili bila muhuri.

Shemeji yake Cirhuza, mdogo wa Benoît, alikuja kutoka Mudaka, kijijini kwao, asubuhi iliyofuata na matope ya shamba kwenye mabuti. Waliketi watatu katika chumba cha mashine.

"Usisaini," alisema Maître Évariste. "Marcelline, nisikilize. Hiyo karatasi wataituma kwa kila aliyeandika. Watu mia tatu na zaidi wataambiwa kwa mkono wako wewe. Nani ataandika tena? Na tangu lini malaria inaruka kutoka mu sanduku la maiti hata lipigiliwe misumari?"

"Maître," alisema Cirhuza, "miye ni mulimaji. Niambie kitu moja tu. Bakimuzika kwenye habasemi, mama yangu atakaa matanga ya nani?"

"Najua ni vigumu, papa."

"Hapana, hujajua. Atakaa pale anangojea. Akisikia mbwa, atasema ni Benoît. Miaka kumi. Na batoto babo hatutabaambia baba alikufa, hatutabaambia anaishi. Tutabaambia nini?"

"Siku moja mahakama itakuja. Kwa wengine ilikuja. Siku hiyo watatafuta nani aliona mwili, nani alikataa kusaini."

"Itapita barrière gani ya askari, hiyo mahakama?" Cirhuza aliuliza, wala hakuuliza kwa dharau. Alitaka kujua kweli.

Évariste aliangalia mikono yake. Kisha akasema polepole, "Hatuna mtu aliyeona mwili. Hilo ndilo linaniua. Tungekuwa na mtu mmoja aliyeona."

Marcelline alikuwa akihesabu, na alihesabu kama mtu wa barua. Karatasi ya Mkuu wa Usalama ingesafiri wiki tatu kufika Ulaya. Kama angesaini Alhamisi, wakazika Ijumaa, na Mungu akijalia jeneza likafunguliwa, angekuwa ameona. Akae matanga siku tatu, Jumanne awe mbele ya mashine. Barua yake ingekuwa nyuma ya ile ya uongo kwa siku tano tu. Siku tano zingeweza kufidiwa. Angesaini ili aone, na akishaona angeandika.

Hakumwambia Évariste. Barabarani alimwambia Cirhuza, "Nitasaini. Lakini matanga kwangu ni siku tatu, kisha narudi kazini. Unaniahidi?"

"Siku tatu," alisema Cirhuza haraka, kama mtu aliyekuwa tayari kuahidi chochote.

Alhamisi saa nne Nathanaël alimpa kalamu. "Soma kwanza," alinong'ona. "Nimesoma," alisema Marcelline. Akaandika jina lake lote na la mumewe, kwa mwandiko mzuri aliofundishwa na masista, na Nathanaël akapiga muhuri juu yake mara mbili, duara juu ya duara.

Mama mkwe wake, Adolphine, alikuwa amekaa mlangoni Mudaka tangu alfajiri. Jeneza liliposhushwa kwenye lori na kuingizwa ndani alilizunguka mara moja, akaligonga kwa kiganja, akasema kwa sauti ambayo hata wanaume uani waliisikia:

"Sitazika mbao."

"Mama, walisema lisifunguliwe," alisema Cirhuza. "Tulisaini."

"Nani alisaini? Miye? Nilimuzaa na macho wazi, niko na macho. Leta panga."

Walifunga mlango. Ndani walibaki mama, Cirhuza na Marcelline. Misumari ilikuwa mingi kuliko mbao. Kifuniko kilipotoka, Cirhuza aligeukia ukuta. Marcelline hakugeuka. Alitazama jinsi alivyozoea kuandika, kutoka juu kwenda chini, kutoka kushoto kwenda kulia, bila kuruka mstari. Jicho la kushoto. Taya. Alama ya waya kwenye kifundo cha mkono wa kushoto, na kwenye wa kulia pia. Vidole vya kulia, kucha tatu hazipo. Ubavu. Nyayo. Alihesabu alichopaswa kuhesabu, akarudia ili asikosee. Kisha akamvalisha suruali ya harusi aliyoileta, akamfunga mkanda, na tundu alilozoea Benoît halikufaa tena. Mkanda ulizunguka karibu mara mbili.

"Tumeona," alisema Adolphine. "Sasa midomo ifungwe mpaka matanga yaondolewe. Niko na bana bengine babili, na basoda na bunduki zabo banapita hapa kila siku. Mumesikia?"

Cirhuza alichukua nyundo.

Siku ya nne Marcelline alisimama kwenye mkeka na kutafuta viatu vyake.

"Unaenda wapi?" aliuliza mama mkwe.

"Kazini, mama. Tulisikizana na Cirhuza."

Wanawake waliojaa chumba waligeuka kumtazama. Cirhuza, aliyeitwa kutoka uani, alisimama mlangoni akikuna shingo.

"Maman Bintu, nilisema, ndiyo. Lakini mujane akitoka siku ya ine, batu batasema nini?"

"Baseme."

"Batasema ulimuua," alisema Adolphine. Hakuwa na ukali. Alikuwa akimweleza, kama mtu anavyomweleza mgeni njia. "Batasema alisaini haraka, alizika haraka, alikimbia haraka. Tayari iko benye banauliza juu ya ile karatasi. Kama unaenda, nenda. Lakini batoto ba Benoît hawatoki mu nyumba yenye matanga ya baba yabo."

Bintu alikuwa jikoni akimenya mihogo na binamu zake. Aimée alikuwa amelala mgongoni kwa shangazi. Marcelline aliweka viatu chini ya kitanda, akarudi kwenye mkeka. Matanga ya nyumba hiyo yalikuwa wiki sita. Alilijua hilo siku zote. Alimzika baba mkwe katika nyumba hiyo hiyo, akakaa wiki sita hizo hizo. Hakulitia katika hesabu yake kwa sababu alihesabu barua tu, na katika hesabu ya barua mjane ni mtu anayeweza kutembea.

Akaketi. Wanawake waliingia na kutoka na maharage na pole zao. Nje mvua za nje ya msimu zilipiga majani ya migomba. Chini ya kitenge, juu ya magoti yake, vidole vilianza kuandika: kwanza jina, kisha tarehe, kisha kifundo cha mkono wa kushoto. Aliandika ukurasa mzima, akaufuta, akauandika upya, kila siku, mstari kwa mstari, asisahau. Wanawake walioona kitenge kikitikisika walidhani anasali rozari, wakapunguza sauti. Alihesabu wiki: sasa karatasi imefika mpakani, sasa imepanda ndege, sasa yule fundi wa saa anaifungua.

Walipoondoa matanga wakamnyoa, wakamvalisha kitambaa cheusi, wakamruhusu kurudi Kadutu na watoto kwa ajili ya shule, ambayo mwaka huo ilichelewa kufunga. Nyumba waliyoishi huko ilikuwa ya ukoo wa Benoît. Cirhuza alilisema hilo bila ubaya, akiweka mzigo wa maharage mlangoni: "Weye ukitaka kwenda mbali siku moja, unaweza. Batoto ni ba hapa."

Ijumaa hiyo alifungua sanduku la Cyangugu, na kadi zikammwagikia miguuni. Zilikuwa na maua, mishumaa, njiwa. Hazikuandikiwa Mkuu wa Usalama, ziliandikiwa yeye. Aliketi kwenye ngazi za posta akasoma. Watawa kumi na wanane walikuwa wamemwombea misa. Watoto wa kalamu za rangi walikuwa wamechora mbu na kumkata kwa msalaba mwekundu. Fundi wa saa aliandika kwamba kaka yake naye alikufa kwa malaria, zamani, akiwa katika kazi za misheni, na hawakupata kumzika. Anafurahi kwamba yeye Madame Zagabe alipewa mwili. Amemwandikia Mkuu wa Usalama kumshukuru kwa utu huo.

Marcelline aliisoma hiyo mara mbili. Hakuweza kumchukia.

Ofisini Maître Évariste alimpa faksi kutoka Ulaya. Faili la Benoît Zagabe limefungwa. Kwa mara ya kwanza mamlaka za Bukavu zimejibu, na chama kinaona hiyo ni hatua njema.

"Nilijaribu kuwazuia," alisema. "Wakaniuliza nina nini mkononi. Nilikuwa na maneno yangu, wao walikuwa na sahihi yako." Akasita. "Kuna kingine. Wiki zile ulipokuwa Mudaka waliita familia mbili zaidi. Karatasi ile ile. Wamebadilisha jina na tarehe tu. Mmoja malaria, mwingine kuhara. Zote mbili zimesaini."

Marcelline alivua kitambaa cheusi kichwani, akakikunja, akakiweka pembeni ya mashine. Akaingiza karatasi tatu na kaboni mbili katikati.

Aliandika kwa dakika arobaini bila kusimama. Évariste, aliyekuwa akimsubiri alie, alisoma ukurasa wa kwanza ukiwa bado kwenye mashine. Ulianza hivi: *Mimi, Marcelline, mke wa Benoît Zagabe, nilisaini uongo tarehe hiyo hiyo mnayoiona kwenye karatasi mliyopokea. Nilisaini kwa sababu hakukuwa na njia nyingine ya kumpata mume wangu. Sasa nitasema nilichokiona.*

"Toa jina," alisema Évariste. "Tutaandika Shahidi M. Ndivyo tunavyofanya kwa wote, unajua, wewe ndiye uliyezoea kuyafuta majina yao."

"Uongo uko na jina langu lote, Maître. Ukweli uwe na herufi moja? Batauliza huyu M ni nani kumupita mke wa marehemu."

"Wakilisoma huku watakuja kwako siku hiyo hiyo."

"Najua."

"Basi uondoke kwanza. Nitaomba nafasi Nairobi. Kuna watu wanaosaidia."

"Nafasi ngapi?"

Évariste alielewa swali. Mtu mmoja angevushwa kama mashahidi wengine walivyovushwa. Lakini watoto wawili wa Benoît wangekuwa Mudaka kabla yeye hajafika Bujumbura, na hakuna chama cha Ulaya ambacho kingeandika barua kwa Adolphine.

"Angalau usiwataje wengine waliokuwa chumbani," alisema mwishoni.

"Sikubataja. Nimeandika kwamba nilifungua peke yangu."

Jumanne aliipeleka. Pale darajani askari aliuliza, "Leo unatoka na kitu?" naye akasema, "Barua ya asante kwa watu wa pole," na askari akapima bahasha kwa kiganja, akamrudishia. Aliitumbukiza kwenye sanduku la posta, akasubiri mpaka aliposikia imeanguka chini. Kisha akasimama ng'ambo kwa muda, akiwa na karatasi yake ya mpaka mkononi na barabara nzuri ya lami mbele yake inayopanda kwenda mahali pengine. Wanawake wa unga walikuwa wanarudi. Akarudi nao.

Bintu alitoka shuleni saa tisa. Marcelline alimketisha mezani, akampa nakala ya kaboni, akamwambia aisome yote. Alikuwa na miaka kumi na minne. Alisoma polepole, kidole kikifuata mistari, na kilipofika kwenye kucha kikasimama.

"Ulisema malaria."

"Nilisema."

"Miye nimeambia classe yote malaria. Sœur alituombesha juu ya malaria." Sauti yake ilikuwa inapanda. "Ulijua, ukakaa pale kwa mukeka, mbele yangu, siku zote ile."

"Ndiyo."

"Juu ya nini ulisaini?"

"Ili nimuone."

"Na nani amekuambia batafungua? Kama koko Adolphine hangesema panga? Ungekuwa na nini?"

"Karatasi yabo tu," alisema Marcelline.

Bintu alikunja nakala mara mbili, kisha mara ya tatu. Aliangalia chumba: kabati, picha ya Moyo Mtakatifu, gunia la maharage ya Cirhuza. Akaiingiza ndani ya maharage, mkono hadi kwenye kiwiko.

"Itafika lini kule?"

"Wiki tatu."

"Kisha hao ba kule bamuandikie Chef."

"Kisha barua zabo zinarudi. Wiki tatu ingine."

"Na ni nani atamupelekea, hizo barua?"

"Ni miye," alisema Marcelline. "Hakuna mwengine."

Chini yao soko la Kadutu lilikuwa bado linapiga kelele, pikipiki zikikoroma kupanda, jua likiwa bado juu ya mabati. Bintu aliinuka, akafunga mlango, akatia komeo, akavuta madirisha ya mbele yote mawili mpaka chumba kikawa na joto na giza la rangi ya kahawia.

"Nani anakuja?" aliuliza Aimée kutoka kitandani.

"Hakuna mutu," alisema Bintu, akaenda nyuma kuangalia kama lile dirisha dogo la jikoni nalo linafungika.